Kamera ndogo au DSLR? Hesabu yako ianzie kwa mteja



Kila wiki napata meseji ya aina hii: "Nimejibana nimepata hela kidogo, ninunue kamera ndogo ya dijitali au nijikaze nichukue DSLR ya kuanzia?" Leo tulimalize hili suala. Chukua daftari, kuna hesabu humu ndani.

Mimi nauza asali na karanga kutoka huku Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora mjini. Wateja wangu wengi wako Dar, Dodoma na Mwanza. Hawajawahi kuniona na hawajawahi kuonja asali yangu kabla ya oda ya kwanza. Wanaona picha, wanauliza bei, wanatuma hela, mzigo unapanda basi. Kamera ndogo ninayo. DSLR huwa naazima kwa kaka mmoja wa mjini anayepiga harusi. Kwa hiyo zote mbili nazijua kwa kuzishika, sio kwa kusoma tangazo.

Kwanza tuelewane swali lenyewe. Sisi hatuchagui kamera nzuri kati ya mbili. Tunachagua hela yetu ilale wapi. Msimu wa asali hausubiri mtu. Warina asali wakitoka porini na ndoo zao, mwenye hela mkononi ndiye anayenunua kwa bei nzuri. Milioni moja ikiwa imelala kwenye begi la kamera, haipo sokoni. Wewe weka hapo mzigo wako: vitenge, viatu, mikoba, sabuni. Ni kitu kilekile.

1. ANZA NA MTEJA, USIANZE NA KAMERA

Kwihara ipo kwenye njia ya zamani ya misafara, ile ya Bagamoyo, Tabora, hadi Ujiji. Stanley alipita hapa mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na kwenye kitabu chake alieleza shida ya kununua shanga za kufanyia biashara njiani. Shanga nyeusi zilikubalika Ugogo kama hela, lakini kwa watu wengine hazikuwa na thamani. Zile zilizoitwa za yai zilitakiwa Ujiji, kwingine zilikataliwa. Ukibeba shanga nzuri zisizotakiwa kule unakokwenda, umebeba mawe.

Kamera ni hivyohivyo. Jiulize mwisho wa safari picha yako inafika wapi. Kwa wengi wetu inafika kwenye kioo cha simu ya mteja. Picha ya mraba ya Instagram kwa kawaida ni pikseli 1080 kwa 1080. Zidisha: ni kama megapikseli 1.2 tu. Kamera ndogo ya megapikseli 20 inatoa picha yenye pikseli zaidi ya mara 15 ya hizo. DSLR ya megapikseli 24 nayo ikifika pale inapunguzwa mpaka zileile 1.2. Na WhatsApp nayo inabana picha ikiituma kwa njia ya kawaida.

Kwa hiyo muuzaji wa dukani akikuambia "hii ina megapikseli nyingi zaidi", mshukuru, halafu endelea na maswali yako. Kwa mteja anayeangalia simu, hiyo tofauti haipo.

2. SASA TOFAUTI HALISI IKO WAPI?

Iko sehemu tatu.

Ya kwanza ni sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kamera ndogo za kawaida zina sensa ya kama milimita 6.2 kwa 4.6. DSLR ya kuanzia ya Canon, mfano EOS 2000D, ina sensa ya kama milimita 22.3 kwa 14.9. Ukipiga hesabu ya eneo, ya DSLR ni kubwa zaidi ya mara 11. Fikiria mvua inanyesha, mmoja kaweka kikombe nje, mwingine kaweka beseni. Mwanga ukiwa mwingi, wote wanajaza. Mwanga ukiwa hafifu, mwenye kikombe anahangaika: picha inatoka na chengachenga kama mchanga.

Katikati ya hizo kuna kamera ndogo za daraja la juu zenye sensa ya kama milimita 13.2 kwa 8.8, mfano Canon PowerShot G7 X Mark II. Sensa yake ni kama mara nne ya zile ndogo za kawaida. Bei yake nayo iko juu, usishangae ukikuta inalingana na DSLR.

Ya pili ni lenzi. Ya kamera ndogo haitoki, imezaliwa nayo. Ya DSLR inatoka, unabadilisha kulingana na kazi. Ni uhuru, lakini kila lenzi ni hela nyingine.

Ya tatu ni mamlaka. DSLR inakuruhusu kupanga kila kitu kwa mkono: tundu la lenzi, kasi, rangi ya mwanga. Kamera ndogo nyingi za bei ya chini zinakuamulia zenyewe, unabaki na vitufe vichache.

3. CHUPA MOJA, DIRISHA MOJA

Niliweka chupa ileile ya asali kwenye meza ileile pembeni ya dirisha, nikapiga kwa kamera zote mbili. Haya ndiyo niliyoyaona.

Kusomeka kwa lebo. Hapa kamera ndogo inashangaza watu. Kwa sababu sensa yake ni ndogo, vitu vingi vinatoka vikali kwa pamoja, mbele na nyuma. Chupa yote inasomeka: jina, ujazo, tarehe, alama ya TBS kama unayo. DSLR ukiiacha ijiamulie karibu na dirisha inaweza kufungua tundu la lenzi sana, ukapata mfuniko mkali na lebo yenye ukungu. Wapiga harusi wanaupenda ule ukungu. Mnunuzi wa asali anataka kusoma. Dawa yake ipo: weka kwenye Av kama ni Canon, au A kama ni Nikon, chagua namba 8 hadi 11, na kamera ikae kwenye stendi maana kasi itapungua. Yaani DSLR inaweza, ila mpaka uijue.

Rangi. Hii ndiyo roho ya biashara yetu. Mnunuzi wa asali anaangalia rangi kuliko chochote, maana ana hofu ya kuuziwa sukari. Picha ikionyesha asali ya dhahabu na chupa ikafika ya kahawia, asali yako inaweza kuwa safi kabisa na bado ukaitwa tapeli. Vilevile kwa kitenge chekundu kinachotoka cha chungwa. Kamera zote mbili zinakosea rangi ukichanganya taa ya ndani na jua la dirishani. Zima taa, baki na jua. Halafu ingia kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga, uipimie kamera karatasi nyeupe hapohapo ulipoweka bidhaa. DSLR zote za kuanzia zina uwezo huo, na kamera ndogo nyingi pia. Kabla hujanunua kamera ndogo, muulize muuzaji akuonyeshe kwenye menyu.

Weupe wa nyuma. Ukiweka bidhaa juu ya karatasi nyeupe, kamera yoyote huona "mwanga umezidi" na kuifanya picha iwe ya kijivu. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ongeza hadi +1. Kipo kwenye zote mbili. Hapo tofauti ya bei haijakusaidia kitu.

Umbo. Watu wanasogeza kamera karibu kabisa na chupa, chupa inatoka na tumbo. Rudi nyuma kama mita moja, halafu vuta kwa lenzi hadi katikati. Chupa itasimama wima kama ilivyo. Zote mbili zinaweza.

Ndani usiku. Hapa DSLR inashinda bila ubishi. Kama wewe mchana uko kazini na picha unapiga saa 3 usiku chini ya taa moja, kamera ndogo ya kawaida itakusumbua.

Porini. Wateja wanapenda kuona asali inakotoka: mizinga juu ya mti, moshi, warina asali wakishuka. Huku miombo nyuki hawana utani, unasimama mbali na kuvuta kwa lenzi. Kamera ndogo zenye uwezo mkubwa wa kuvuta zinafika. DSLR yenye lenzi ya kawaida ya 18-55 haifiki, utahitaji lenzi nyingine. Na ukibadilisha lenzi kwenye vumbi la kiangazi cha Tabora, vumbi linaingia kwenye sensa, unaanza kuona madoa kwenye kila picha. Uzito pia: EOS 2000D yenye betri ni gramu 475 bila lenzi. Kamera ndogo nyingi unaziweka mfukoni, unapanda baiskeli, unaondoka.

4. MZIGO BILA WAPAGAZI HAUENDI

Hapa Kwihara kuna tembe ambalo leo ni makumbusho ya Livingstone. Yeye na Stanley walifika hapa Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kurudi pwani, akamwachia mzee nguo, shanga na vifaa. Bidhaa alikuwa nazo. Wapagazi hakuwa nao. Akakaa hapa akisubiri watu kutoka Zanzibar, akaondoka tarehe 25 Agosti. Zaidi ya miezi mitano, mzigo upo ndani, safari hakuna.

DSLR iliyonunuliwa kwa hela ya mwisho mfukoni iko katika hali hiyohiyo. Mwili wa kamera ni mzigo. Wapagazi wake ni hawa:

- Lenzi. Uliza kama bei ni ya mwili peke yake au pamoja na lenzi.
- Memori kadi, na kifaa cha kusomea kadi ili picha ziingie kwenye simu.
- Stendi ya miguu mitatu.
- Betri ya akiba. Kwa kipimo cha kiwandani, betri ya EOS 2000D inapiga kama picha 500, ya Nikon D3500 kama 1,550. Sehemu yenye umeme wa kukatika, hii namba ina maana.
- Njia ya kuhamisha picha. EOS 2000D ina waifai. Nikon D3500 inatumia Bluetooth tu, inahamisha polepole. Kamera ndogo nyingi za zamani hazina vyote viwili.
- Muda wako wa kujifunza. Huu hauuzwi dukani.

Kamera ndogo nayo inahitaji kadi na stendi, lakini msafara wake ni mfupi. Orodhesha vyote kabla ya kulipa. Jumla ndiyo bei ya kamera, sio ile iliyoandikwa kwenye kikaratasi.

5. HESABU

Nachukua namba za mfano. Wewe weka zako.

Tuseme kamera ndogo ya mtumba na kadi na stendi yake ni 250,000. Tuseme DSLR ya mtumba na lenzi yake na vyote vya hapo juu ni 1,000,000. Faida yako kwa chupa moja, ukishatoa asali, chupa, lebo na usafiri, ni 2,500. Kwa mwezi unauza chupa 40.

Watu wengi wanasema: 40 mara 2,500 ni laki moja kwa mwezi, basi DSLR inajilipa kwa miezi kumi. Hapana. Hizo chupa 40 ulikuwa unaziuza bila hiyo kamera. Hesabu zile za nyongeza tu, zilizoletwa na picha mpya.

Tuseme picha nzuri zimekupandisha kutoka 40 hadi 50. Nyongeza ni chupa 10, yaani 25,000 kwa mwezi. Kamera ndogo inajilipa kwa miezi 10. DSLR inajilipa kwa miezi 40. Hiyo ni miaka mitatu na miezi minne, na hapo haijaanguka, haijaibiwa, mtoto hajaigusa.

Ili DSLR nayo ijilipe kwa miezi 10, inabidi ikuletee chupa 40 za nyongeza kila mwezi. Mauzo yako yaongezeke mara mbili kwa sababu ya kamera tu. Inawezekana? Kwa baadhi ya biashara ndiyo. Kwa asali yangu, hapana.

6. BASI NANI ACHUKUE IPI?

Chukua kamera ndogo kama:
- unauza vitu vidogo vinavyokaa mezani: asali, viungo, sabuni, urembo, vyombo, viatu;
- unaweza kupiga mchana pembeni ya dirisha;
- unatembea kwenda kwa wazalishaji;
- simu yako ina kamera dhaifu, au simu ndiyo yenye M-Pesa na chati za wateja wote na hutaki kumwachia kijana wa dukani akupigie picha. Sababu hii ya mwisho wengi hawaifikirii. Kamera unaweza kuiacha dukani, simu yenye hela huiachi.

Chukua DSLR ya kuanzia kama:
- unauza nguo na zinavaliwa na mtu, anatembea, anageuka;
- unapiga usiku au ndani penye mwanga hafifu, na hali hiyo haibadiliki;
- unachapisha mabango makubwa au katalogi;
- unapiga bidhaa nyingi mpya kila wiki;
- utalipwa kwa kupiga: majirani zako wana bidhaa, kuna mahafali, kuna kipaimara. Hapo kamera imekuwa biashara ya pili na hesabu yake inabadilika kabisa.

Usinunue yoyote kama simu yako inatoa picha kali mchana. Kamera ndogo ya bei ya chini haitakupeleka mbali kuliko simu nzuri. Nunua karatasi kubwa nyeupe mbili, kitambaa cheupe chepesi cha kuweka dirishani, na stendi ya simu. Piga saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Kwa asali, weka chupa kati yako na dirisha ili mwanga upite ndani yake, na karatasi nyeupe moja mbele pembeni irudishe mwanga kwenye lebo. Fleshi izime, inaacha doa jeupe kwenye chupa. Fanya hivyo mwezi mmoja, uone mauzo. Ukiona bado kuna kitu picha haikionyeshi na mteja anakiuliza kila siku, hapo sasa umejua unanunua kamera ya kazi gani.

7. UKINUNUA YA MTUMBA

Kamera zinazouzwa nyingi ni za mtumba, kwa sababu kampuni kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani. Hilo sio baya, bei imeshuka. Ila kagua:

- Nenda na bidhaa yako. Ipige hapohapo dukani, hamishia kwenye simu, itazame kama mteja.
- Kamera ndogo: iwashe na kuizima mara kumi. Lenzi ikikwaruza au kusita, kuna mchanga ndani. Achana nayo.
- DSLR: toa lenzi, itazame kuelekea mwanga. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, ni fangasi.
- Piga picha ya ukuta mweupe na ya anga. Madoa yanayobaki sehemu ileile ni vumbi au ubovu wa sensa.
- DSLR: uliza imeshapiga picha ngapi. Ni kama kilomita za gari. Iliyotoka kwa mpiga harusi inaweza kuwa imechoka hata kama nje inang'aa.
- Chaja na betri viwepo, na kamera iwake kwa betri hiyo, sio kwa maneno.
- Risiti yenye namba ya kamera. Usinunue matatizo ya mtu mwingine.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya Jumapili andika vitu vinne: picha zako zinaonekana wapi, unapiga saa ngapi, faida yako kwa bidhaa moja ni kiasi gani, na picha nzuri zinaweza kukuongezea oda ngapi kwa mwezi. Zidisha faida kwa oda za nyongeza. Gawanya bei ya kamera, pamoja na wapagazi wake wote, kwa namba hiyo. Ukipata zaidi ya miezi 12, rudi kwenye karatasi nyeupe na dirisha, hela iingie kwenye mzigo.

Mimi msimu huu nabaki na kamera yangu ndogo. Hela ya DSLR inakwenda kwenye ndoo. Siku nikianza kupiga bidhaa za wenzangu kwa malipo, nitarudia hesabu hii upya.

Niandikie hapo chini unauza nini na unapiga picha saa ngapi, nitakuambia ningekuwa wewe ningeanza na nini. Na mtumie somo hili yule mwenzako ambaye keshaanza kuulizia bei Kariakoo.

Kazi njema.